Mgeni Njoo, Mwenyeji Yuko Wapi?

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maneno ni manne tu, lakini yana mkataba mzima ndani yake. Mgeni ameitwa, hakuvamia. Mwenyeji yupo, hakuhama. Na kuja kwa mmoja kwatakiwa kumletea mwenziwe uzima, wala si maradhi. Lugha yetu imezidi kulidhihirisha jambo hili katika neno mwenyeji lenyewe, ambalo kwa sikio la msemaji lina mji ndani yake: mwenyeji ni mwenye mji. Akiondolewa mjini, jina lake limekufa. Na jina la mwenyeji likifa, jina la mgeni nalo haliwezi kuishi, maana hapana mgeni pasipo mtu wa kumpokea. Anayebaki ni mpita njia mwenye fedha.

Nayakumbusha haya kwa sababu ya vitabu na makala visomwavyo siku hizi na kila mtu aazimiaye kuzuru Uingereza ya mashambani, yaani nchi ya vijiji, mabonde, bandari ndogo na miji ya soko iliyo nje ya London na miji ya viwanda. Maandishi hayo yana ufundi mwingi wa kusifu. Husifu ulaini wa vitanda, upana wa madirisha, moto wa kuni katika meko, na kondoo waonekanao mbali kama pamba iliyomwagwa kilimani. Huutaja mji kwa mawe yake na kijiji kwa maua yake. Lakini msomaji akitafuta ndani yake khabari za mtu aliyezaliwa katika kijiji kile na angali akilala mle, hampati. Amefutwa, kama mchoraji afutavyo mstari unaomharibia picha.

Dai langu ni hili: mtu anayechagua malazi katika mashamba ya Uingereza hachagui kitanda tu, bali achagua pia nani akae na nani ahame. Kwa hiyo msafiri mwenye heshima hana budi kulala palipo na mwenyeji, na kuizuru miji ambayo ingali hai. Mwandishi amfundishaye kinyume cha hayo ampoteza, hata akiandika kwa kalamu ya dhahabu.

Tusidhani kwamba Waingereza hawakuwa na desturi ya kupokea wageni. Walikuwa nayo, tena kongwe. Katika zama za kati nyumba za watawa zilikuwa na wajibu wa kumlaza msafiri, tajiri kwa maskini. Mjini Glastonbury, katika Somerset, nyumba ya wageni ilijengwa mwishoni mwa karne ya 15 kwa ajili ya watu waliokuja kuzuru nyumba kuu ya watawa. Nyumba hiyo ya wageni, iitwayo George and Pilgrims, ingali imesimama barabarani na uso wake wa mawe, ijapokuwa nyumba ya watawa yenyewe ilifungwa kwa amri ya mfalme mwaka 1539 na mkuu wake akanyongwa kilimani. Baadaye zikaja nyumba za wageni kando ya njia za magari ya farasi, baa chini, vyumba juu, zizi nyuma. Na mwenye nyumba alilala chini ya paa lile lile alilolala mgeni wake. Hata Dove Cottage huko Grasmere, alimokaa mshairi William Wordsworth tangu mwaka 1799 mpaka 1808, ilikuwa kwanza nyumba ya wageni. Na mwaka 1930 kikaundwa chama cha hosteli za vijana, ili mfanyakazi wa kiwandani na msichana wa ofisini wapate kulala mashambani kwa shilingi moja.

Malazi haya yalitofautiana sana kwa cheo na kwa bei, lakini yalikuwa na jambo moja la kuyaunganisha: mtu alifungua mlango. Mgeni aliulizwa atokako, akaambiwa njia ipi ina matope na njia ipi ni kavu, akasikia majina ya vilima yakitamkwa na watu wa vilima hivyo. Kuna methali nyingine yetu isemayo kwamba mgeni ni kuku mweupe. Kuonekana kwake kwafaa pande mbili: mwenyeji humchunga mgeni, na mgeni hujichunga nafsi yake.

Leo, katika vijiji vinavyosifiwa kuliko vyote, mlango haufunguliwi na mtu. Msafiri hupewa tarakimu nne, akazibonyeza katika kijisanduku kilichopigiliwa ukutani, akatoa ufunguo. Huingia katika nyumba ya mvuvi pasipo mvuvi. Hukuta picha ya mashua juu ya meko na barua ya makaribisho iliyoandikwa na wakala. Mwenye nyumba yuko mji wa mbali. Mjukuu wa mvuvi amepanga chumba katika mji mwingine, naye huja kwa gari kila Jumamosi kufua mashuka ya nyumba aliyozaliwa babu yake. Pita katika kijiji cha namna hiyo usiku wa Februari, uhesabu madirisha yenye taa. Vidole vya mikono yako vyaweza kukutosha.

Sababu ya mambo haya si fumbo. Nyumba ikipangishwa kwa mwalimu au muuguzi hulipa kodi ya mwezi kwa kadiri ya mshahara wake. Nyumba hiyo hiyo ikikodishwa kwa wageni, kwa wiki moja ya Agosti yaweza kumletea mwenyewe fedha ambazo mwalimu angelipa kwa muda mrefu zaidi. Basi mwenye nyumba hupiga hesabu, na hesabu haina huruma. Mwalimu huambiwa ahame. Mnunuzi wa mjini, atafutaye nyumba ya pili, hutoa bei ambayo kijana wa kijijini hawezi kuifikia hata akiweka akiba mpaka mvi. Vijana wakipungua, watoto hupungua. Watoto wakipungua, shule hufungwa. Shule ikifungwa, hata aliyekuwa na nyumba huona heri kuondoka. Duka la nyama hugeuka duka la mishumaa ya manukato. Basi la jioni hukatwa kwa kukosa abiria. Kijiji hubaki kizuri kama maiti aliyepambwa.

Wenyeji hawakunyamaza. Katika mji wa St Ives, ulioko Cornwall, watu walipiga kura zamani za kale? La, hili si jambo la kale hata kidogo. Ni mwaka 2016 ndipo zaidi ya wapiga kura 8 katika kila 10 walipokubali kwamba nyumba mpya zijengwazo mjini ziwe za watu wa kukaa daima, si za mapumziko. Mahakama Kuu ikapelekewa shauri mwaka huo huo, ikaiacha amri isimame. Lakini amri iligusa nyumba mpya peke yake; za zamani, ambazo ndizo zinazotafutwa na mgeni, zikabaki wazi kwa mwenye fedha nyingi. Mwaka 2021 Halmashauri ya South Hams, katika Devon, ilitangaza kwamba wilaya yake imefikwa na dhiki ya makazi. Mwaka 2022 watu wa Whitby, bandari ya kale ya Yorkshire alikojifunza ubaharia James Cook, walipiga kura ya namna iyo hiyo, na zaidi ya 9 katika kila 10 waliopiga walitaka nyumba mpya ziwe za wakaaji. Kura yao haikuwa na nguvu ya sheria. Ilikuwa kilio tu, lakini kilio kilichohesabiwa.

Serikali nayo imefanya nusu ya kazi. Tangu Aprili 2025 halmashauri za Uingereza zimeruhusiwa kumtoza mwenye nyumba ya pili kodi ya halmashauri mara mbili, na Cornwall na North Yorkshire zimeitumia ruhusa hiyo. Lakini ukuta huu una mlango wa nyuma. Nyumba ikiwekwa tayari kwa wageni siku 140 katika mwaka, na ikakodishwa kweli siku 70, huhesabiwa kuwa biashara, ikatoka katika kodi ile na kuingia katika kodi ya biashara. Na biashara ikiwa ndogo, yaweza kusamehewa kodi yote. Hivyo mwalimu aliyepanga chumba hulipa kodi ya halmashauri kila mwezi, na nyumba aliyohamishwa yaweza isilipe hata senti. Mwandishi wa kitabu cha safari aisifuye nyumba hiyo kwa mapazia yake, asiseme neno juu ya jambo hili, hawezi kujitetea kwamba yeye ni mtu wa uzuri tu. Uzuri unaouzwa una bei, na ni haki kuuliza nani ameilipa.

Tena jambo hili si geni katika nchi ile. Kuna kijiji katika Dorset kiitwacho Milton Abbas, ambacho hakikosekani katika orodha za vijiji vya kuzuru. Kina nyumba nyeupe zilizoezekwa kwa nyasi, zimepangwa pande mbili za njia iteremkayo, zote za umbo moja. Mgeni husimama, akapiga picha, akasema, "Hii ndiyo Uingereza ya kale." Lakini umbo lile moja ndilo linalotoa siri. Kijiji cha kawaida hukua kama mti, tawi huku na tawi kule. Hiki kilichorwa kwa rula. Karibu na jumba la Lord Milton palikuwa na mji wa soko, wenye nyumba, maduka na shule. Bwana yule aliona mji ule wamharibia mandhari ya dirishani. Katika miaka ya 1770 na 1780 akaununua na kuubomoa nyumba baada ya nyumba, na baadhi ya watu wake akawajengea kijiji hiki kipya bondeni, mbali na macho yake. Bustani na maji yakafunika pale palipokuwa na soko.

Bwana wa karne ya 18 aliuondoa mji ili apate mandhari. Msafiri wa karne ya 21 auondoa mji ili apate kitanda. Wa kwanza alijua alitendalo. Wa pili amefichwa, na waliomficha ni hao wanaomwandikia.

Sasa na tuwasikilize wapinzani, maana hoja zao si za kudharauliwa.

Wa kwanza husema: wageni ni riziki, pasipo wageni miji hiyo ingekufa mapema zaidi. Namjibu kwamba nakubali neno lake la kwanza na nakataa la pili kuwa hoja dhidi yangu. Sikusema mgeni asije. Wapo waliosema hivyo, na mmoja wao alikuwa Wordsworth mwenyewe, aliyeandika kitabu cha kuwaongoza wasafiri katika nchi ya Maziwa, kisha mwaka 1844 akaipinga reli ya kuwaleta watu wengi huko. Reli ilifika Windermere mwaka 1847, na heri ilifika. Mimi si wa chama hicho. Haki ya mtu wa kawaida kutembea mashambani ilinunuliwa kwa taabu: mwaka 1932 vijana wa Manchester waliingia kwa makusudi katika nyika ya Kinder Scout, iliyokuwa imefungwa kwa ajili ya uwindaji wa ndege, na watano wao wakatiwa gerezani. Sheria ya hifadhi za taifa ilikuja mwaka 1949, na hifadhi ya kwanza, ile ya Peak District ambamo Kinder Scout imo, mwaka 1951. Anayewafungia njia wageni awatukana vijana wale. Lakini riziki ya mgeni hupita njia mbili. Akilala katika nyumba ya wageni, fedha yake hupita mkononi mwa mpishi, mtandika vitanda, muuza nyama na mtengeneza mabomba, kisha hulala mjini mle mle. Akikodi nyumba tupu, akaja na chakula chake garini, fedha hupita juu ya kijiji kama wingu lisilonyesha.

Wa pili husema: mali ni ya mwenyewe, na mwenyewe huitumia apendavyo. Hoja hii Lord Milton angeipigia makofi. Mali ni ya mwenyewe, naam. Lakini barabara, kisima, shule na jina jema la kijiji, ambavyo ndivyo vinavyoipa nyumba ile bei yake, si vya mtu mmoja. Mwenye kuuza harufu ya mkate asimfukuze mwokaji.

Wa tatu husema: nyumba za wageni ni ghali, na mtu mwenye watoto ahitaji jiko. Huyu ndiye mwenye haki kuliko wote, nami simjibu kwa ukali. Ziko nyumba za wakulima wanaotoa chumba na chakula cha asubuhi. Yako mabanda ya kale yaliyogeuzwa kuwa malazi, lakini mkulima yuko ng'ambo ya ua, na jogoo wake atakuamsha. Si kila nyumba ya kukodi ni dhambi. Kinachotakiwa kujulikana ni kama mwenyewe yupo au hayupo. Ziko hosteli pia, ijapokuwa mwaka 2023 chama cha hosteli kilitangaza kuuza 20 katika 150 hivi kilizokuwa nazo, kwa sababu gharama zimekishinda. Laiti waandishi wa safari wangeupigia tarumbeta msiba ule kama wanavyoyapigia mabafu ya shaba! Beatrix Potter, mtungaji wa hadithi za watoto, alipofariki mwaka 1943 aliachia shirika la National Trust mashamba 14 na ekari zaidi ya 4,000 katika nchi ya Maziwa. Hakuacha mandhari tupu. Aliacha mashamba yenye wakulima, na kondoo wa asili ya huko waendelee kufugwa. Mwanamke yule aliijua siri ambayo warembaji wa leo hawaijui, kwamba bonde lile ni zuri kwa sababu kuna mtu anayeamka alfajiri kulitengeneza. Kuta zile za mawe hazikuota.

Wa nne, naye ni ndugu yetu, husema: hayo ni ya Waingereza, yatuhusu nini? Yatuhusu kwa kuwa twaenda. Wanafunzi wetu wako huko, ndugu zetu wa Leicester na London wana watoto wao huko, na katika siku za mapumziko nao hutafuta kitanda kando ya bahari kama watu wengine. Tena yatuhusu kwa kuwa twapokea. Katika kijiji cha Shela, kisiwani Lamu, nyumba nyingi za mawe zimenunuliwa na watu wa ng'ambo, na nyingine hukaa zimefungwa sehemu kubwa ya mwaka. Tutawezaje kuwaambia wanaokuja kwetu, "Lala penye mwenyeji," ikiwa sisi wenyewe tukienda kwao hatuulizi?

Basi msafiri aende wapi, alale wapi? Sitoi orodha ndefu, natoa kipimo. Kabla hujautaja mji kuwa wa kuzuru, uliza: je, duka la nyama liko? Je, shule iko? Je, kuna soko la wiki ambalo mkaazi hununua viazi? Je, Februari taa zawaka?

Nenda Hawes, katika bonde la Wensleydale, siku ya Jumanne, ndiyo siku ya soko. Kiwanda chake cha jibini kilifungwa na kampuni kubwa mwaka 1992. Watu waliokuwa wakikifanyia kazi walikinunua na kukifungua tena mwaka huo huo. Wenyeji wameunda shirika lao, nalo limeendesha mabasi madogo, posta na kituo cha petroli, kwa kuwa waliona wakisubiri mtu wa mbali awafanyie, hatakuja. Ukilala Hawes, umelala mjini mwa watu.

Nenda Settle kwa garimoshi, kwa reli iliyofunguliwa kwa abiria mwaka 1876, ipitayo juu ya daraja la Ribblehead lenye matao 24. Reli hiyo ilikusudiwa kufungwa katika miaka ya 1980. Watu kwa maelfu waliandika kupinga, na kati ya pingamizi hizo palikuwa na alama ya unyayo wa mbwa mmoja, naye alikuwa abiria. Mwaka 1989 reli ikaokolewa. Mji unaopigania garimoshi lake ni mji wenye wenyewe.

Nenda Ludlow, katika Shropshire, ambako soko huwekwa mbele ya ngome, na ambako nyumba ya mbao iliyojengwa mwaka 1619, iitwayo Feathers, iligeuzwa zamani kuwa nyumba ya wageni. Na ukienda Chipping Campden, katika vilima vya Cotswold, ambako mawe ya rangi ya asali yamewatia wazimu waandishi wengi, usiishie kwenye mawe. Fahamu kwamba neno Chipping katika Kiingereza cha kale maana yake ni soko. Kwamba wafanya biashara wa sufu ndio walioujenga. Na kwamba banda la soko lililoko katikati ya barabara lilijengwa mwaka 1627 ili wauzaji wasinyeshewe mvua. Mji wote ule ulitokana na watu kuuziana vitu. Uingie dukani, ununue kitu kwa mtu anayekaa pale, umwulize khabari.

Wandugu waandishi, kalamu yetu si ya wakala wa nyumba. Tukiusifu mji, tumsifu na mwenye mji. Tukionyesha kitanda, tuseme ni cha nani na nani alikitandika. Na wewe msomaji, siku utakapofika katika kijiji cha Uingereza jioni ya mvua, usitafute kijisanduku cha tarakimu. Tafuta mlango wenye taa, ubishe hodi. Akitoka mtu akakuitikia, hapo ndipo pa kulala.